Kamera Yenye Inaingia mu Maji

Kyavinyonge, 11 mwezi wa pili 2024

Shangazi Julie,

Nakusalimia sana, wewe na batu bote ya Bungulu. Mimi niko na afya, ila sikio ya kushoto inanisumbua kidogo, nitakuambia sababu. Baba aliniandikia toka Butembo: duka inatembea, goti tu njo inamuuma, na anasema dada yake Julie hamupigie tena simu. Juu ya hiyo sikumujibu kitu, mimi ni mutoto tu. Huku simu haishike. Upepo iliangusha antenne na hakuna mutu anajua batairudisha lini. Donc hii barua inapanda na Gracieuse, ule muchuuzi, mu gari ya samaki. Kama inanuka tilapia, unisamehe.

Nadège iko namna gani kule Mulekera? Na mutoto Bénie? Banasema alishaota meno. Ubasalimie.

Bon, sasa sababu ya kuandika. Unamukumbuka Abdias, ule wa comité ya bavuvi mwenye alijifunza kuzamia ku ziwa Kivu? Comité ilimupa kazi ya kutoa nyavu yenye ilipotea chini, juu inaendelea kuua samaki na hakuna mutu anaikula. Alichukua vijana mbili abafundishe. Moja ni mimi. Nilianza mwezi wa kumi na moja, na sikukuambia juu najua vile unapenda kupiga kelele. Mara ya kwanza nilikunywa maji ya hili ziwa mpaka tumbo ikawa ngoma. Sasa ninashuka na chupa ya hewa ku mugongo na ninarudi. Njo maana ya sikio.

Comité inataka kuona nyavu kwa picha mbele ya kuikata. Abdias anajua hewa, hajui picha. Mu familia yetu mutu ya picha ni wewe. Shangazi, mutu mwenye anaanza, achague kamera gani ya kushuka nayo? Bengine banasema simu inatosha, mu mufuko ya plastiki. Bengine banasema ile kamera ndogo ya sport, ya kufunga ku kichwa. Kuna na kamera ya kawaida yenye iko na sanduku yake ya kuzuia maji, caisson. Mimi naona giza tu.

Ni kwa nyavu na samaki. Usiwaze kitu ingine.

Mutoto yako,
Éphraïm


Beni, Bungulu, 3 mwezi wa tatu 2024

Éphraïm,

Barua yako ilifika na harufu yake yote, nikaianika ku kamba ya picha mbele ya kuisoma. Sisi tuko. Bénie iko na meno ine na anauma. Nadège anauza sombe, majani ya muhogo, ku soko ya Mulekera asubui, mangaribi anakuja kunisaidia mu studio. Umeme inakuja wakati inataka. Padiri anaendelea kuuliza ubatizo ya mutoto, na mimi naendelea kumujibu kwamba mutoto anabatizwa na baba yake akisimama pale.

Sasa wewe. Wewe mwenye ulikuwa unalia tukikumwangia maji ku kichwa! Na unanificha miezi mizima! Ungekufa huko ningeambiwa na nani, na Gracieuse, mu katikati ya bei ya samaki? Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachukua kalamu.

Nyavu na samaki. Éphraïm, mimi si mutoto ya jana.

Mwaka jana mwezi wa sita mutoto yangu Luc, mume ya Nadège na baba ya Bénie, alitoka hapo Kyavinyonge na pirogue yake, yeye na motor yake, hakurudi. Hakuna mutu aliona, hakuna kitu ilielea, ata kasia. Baba yako anataka tufanye vile bazee balifanya wakati mutu anapotea: tukate mugomba, tuufunge mu nguo yake, tuuzike, tulie, biishe. Mimi nilikataa, na njo maana simupigie simu. Unamujua Sikuli, jirani yangu? Balimukamata upande wa pili ya ziwa na bavuvi bengine. Mama yake alingoja, alingoja, akazika mugomba. Sikuli akarudi muzima, akakuta kaburi yake ku bustani na musalaba iko na jina yake. Mpaka leo batu banamusalimia toka mbali. Hakuna mwenye anatia mukono mu sahani pamoja naye. Bibi yake alishaenda. Unataka nifanye Luc vile?

Na unajua kazi yangu. Harusi, ubatizo, picha ya carte ya kitambulisho, na picha ya mwisho. Hapa mutu akikufa, mbele ya kufunga sanduku banakuja kuniita, familia inazunguka, napiga. Bote balipita mbele ya kamera yangu: mume wangu, mama yetu, batu ya barabara hii yote. Kisha ile picha mutu anajua. Bila ile picha, mimi sijui kitu. Munipe picha, nitalia sawa batu bote. Mugomba, hapana.

Njo hiyo. Nimesema, na sirudilie.

Juu ya kamera: usinunue kitu huko. Simu mu plastiki ni ya kupiga batoto ku plage. Ikishuka kidogo tu maji inabonyeza kioo na vidole yako haifanye kitu tena. Nitaenda kuona bacommerçant ya Butembo benye banaleta vitu toka Dubai. Lakini muulize kwanza Abdias kama ata uko tayari kushika kitu mu mikono kule chini.

Kunywa dawa ya sikio.

Shangazi yako,
Julie


Kyavinyonge, 29 mwezi wa tatu 2024

Shangazi,

Pasaka njema. Tulitembea njia ya musalaba mpaka ku port na mvua ikatupiga bote, Bakatoliki na Baprotestanti balikuwa banacheka ku baraza. Sikio ilipona. Sikujua ile habari ya Sikuli vile. Pole.

Nilimuuliza Abdias. Akacheka, akasema: "Shangazi yako angekuwa mwalimu." Kumbe kuna sheria. Kamera inabaki mu pirogue mpaka mutu anaweza kukaa pahali pamoja katikati ya maji, mikono imekunjwa, bila kupanda, bila kushuka, kwa pumzi yake tu. Ukivuta hewa unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Kama hauwezi hiyo, kamera inakusahaulisha, unaangalia kioo na kumbe uko unaenda juu mbio, mapafu inapasuka. Anasema bapya mingi banaumia na kamera kuliko na kiboko. Na kiboko iko, usidanganywe. Kila asubui tunangoja bavuvi batuambie zimelala wapi.

Nimejifunza. Naweza kukaa sasa. Ni kitu ya ajabu, Shangazi, ni mara ya kwanza mu maisha yangu mwili inanyamaza.

Maji iko kijani, ya matope matope. Siku nzuri naona mpaka urefu ya chumba yako ya studio. Siku mbaya sioni mukono yangu. Tunashika kamba tukishuka, donc mukono moja ni ya kamba. Kamera inapaswa kufanya kazi na mukono moja. Ujue hiyo ukichagua.

Baba aliniandikia tena. Anauliza kama nafikiri nini juu ya mugomba. Nilimuambia habari ya nyavu.

Mahali penye Luc alikuwa anapenda kutega panaitwa Mawe Tatu. Hatujafika kule. Ni mbali, na essence ya motor iko shida.

Éphraïm


Beni, Bungulu, 2 mwezi wa tano 2024

Éphraïm mutoto yangu,

Unisamehe, nilikawia. Barabara ya Butembo ilifungwa juma mbili, magari ilikuwa inangoja escorte ya askari, na mimi sipande pikipiki kwa msitu yenye batu banakimbia. Tuliendelea kuomba rozari tu. Bénie alikuwa na malaria, alipona, anatembea akishika ukuta.

Mwisho nilifika Butembo. Nilizunguka bamagasin mpaka viatu ikacheka. Vijana ya kule banauza kamera sawa banauza mihogo: "Mama, hii ni ya nguvu, mama, hii inaingia baharini." Ninauliza: caisson inafungwa namna gani? Joint iko wapi? Banatazamana.

Mais nilipata. Ni kamera ndogo ya kawaida yenye iko na caisson yake mwenyewe, ya plastiki ngumu. Nilichagua hii juu ya vitu mbili. Ya kwanza, zoom. Inavuta mbali sana. Unaweza kukaa pahali pazuri na kupiga kitu yenye iko mbali. Ya pili, flash yake ni kali. Unasema kule ni giza. Ku giza mutu anawasha flash. Ile ya sport ya kichwa haina flash na haina zoom, ni mutoto ya kuchezea.

Sasa sikia muzuri. Ile kamba nyeusi ya kaushu ku mulango ya caisson, njo joint. Maisha ya kamera iko pale. Unaitoa na kidole, si na kisu. Unaipangusa, unaipakaa mafuta yake kidogo sana, ile ya kichupa nilitia mu karton, si mafuta ya mawese, nakujua. Unywele moja tu ikibaki pale, maji inaingia. Mbele ya kutia kamera, shusha caisson tupu na kipande ya karatasi ya choo, papier hygiénique, ndani. Karatasi ikirudi kavu, tia kamera. Na vile vifuko vidogo nimekutumia ni ya mu karton ya viatu. Tia moja ndani, inakunywa ukungu. Ukitoka, osha yote na maji safi mbele ya kufungua.

Nilipita kwa baba yako. Bibi yake alipika chai. Apollinaire alinishika mukono mpaka ku bustani nyuma ya nyumba, akanionyesha mugomba moja, akasema: "Huu njo nilichagua." Sawa mutu anachagua mbuzi ya harusi! Kaka yangu, tumetoka tumbo moja! Nilitoka bila kukunywa ile chai.

Usimuambie kama nililia mu gari. Gracieuse iko na karton.

Julie


Kyavinyonge, 26 mwezi wa tano 2024

Shangazi yangu mupenzi,

Wasingya, asante kabisa. Karton ilifika muzima, Gracieuse aliilalisha ku magoti njia yote, anasema alikatalia ata askari ya barrière kuigusa. Huku tuko sawa. Antenne imesimama, imeanguka tena. Baba anasema umemukosea heshima. Anasema pia ulikonda.

Nilifanya yote vile uliandika. Karatasi ilirudi kavu. Nilifurahi sawa mutoto ya Noeli.

Kisha nilishuka nayo ku nyavu, karibu na port, pahali pasipo hatari. Nilikaa mbali. Nilivuta zoom. Niliwasha flash. Shangazi, hakuna picha. Yote ni nyeupe, sawa mutu alirusha unga ya muhogo mbele ya kamera. Nilirudi siku ingine, sawasawa. Nilizima flash, nikavuta zoom: kijani tu, ukungu ya kijani, sijui hii ni nyavu ao ni mwezi. Njo maana niliogopa kukuandikia.

Na kuna ingine. Nilikuwa naangalia kioo nione kama picha ilitoka, kumbe nilikuwa napanda. Abdias alinivuta na mguu. Ku pirogue alininyang'anya kamera. Alinikataza kamera kwa juma moja.

Anasema kamera haina kosa. Anasema maji hii imejaa vumbi, na kila vumbi ni kioo kidogo. Mwangaza ikitoka karibu na jicho ya kamera, vumbi yote inarudisha ile mwangaza. Na zoom haisaidie, juu uko bado unapiga ukuta ya vumbi katikati yako na kitu. Anasema kwa maji hii kuna dawa moja tu: kufika karibu.

Nilisema kwako ni ya nyavu. Tusiseme bado kitu ingine. Kamera inarudi kwako mu karton yake, na Gracieuse. Compresseur ya kujaza chupa iliharibika, fundi iko njiani toka Kasindi.

Éphraïm


Beni, Bungulu, 16 mwezi wa sita 2024

Éphraïm,

Juma hii ilitimia mwaka. Nilifungua studio sawa kila siku. Nadège alikuja, akafagia. Mangaribi akaniuliza: "Mama, mimi ni nani? Ku soko banauliza mume yangu iko wapi, nasema iko safari. Mwaka moja, safari gani? Siwezi kuvaa nyeusi, siwezi kuvaa rangi. Bazazi yangu banataka kujua kama banikalishe ao banirudishe kwako." Nilimupa mutoto amushike. Njo jibu nilikuwa nayo.

Kisha niliingia mu kazi, juu nikikaa bure nitaingia wazimu.

Nilikosa, mutoto yangu. Mimi na miaka yangu yote ya studio! Mu studio mwangaza inatoka mbele na ukuta iko nyuma. Nilifikiri maji ni chumba. Nilitia maji mu ile bassin kubwa ya kufulia ya kioo kioo, nikakoroga udongo ya bustani ndani kidogo, nikaweka kikombe chini. Nikawasha torche karibu na kamera: unga ya muhogo, sawasawa na yako. Nikamuambia Nadège ashike torche ku upande, mbali na kamera, aelekeze ku kikombe tu. Éphraïm, kikombe ikatokea! Ata ufa yake ilionekana. Nadège alipiga kelele, jirani bakakuja kuuliza kama kuna habari ya Luc.

Donc tulibadilisha yote. Nilirudisha ile kamera Butembo na mukono ya muchuuzi mwenye ninaamini, nikachukua ile ya sport yenye nilisema ni ya kuchezea. Inaona mupana, haivute kitu, kitufe moja tu, mukono moja inatosha. Njo ilikuwa ya kwanza kuchagua. Hapana kuifunga ku kichwa, kichwa yako haitulie. Soudeur ya Bungulu, fundi ya kuunga chuma, alinipindia chuma ya baiskeli, mikono mbili, kamera inakaa katikati na torche moja ya maji ku kila mukono, mbali. Elekeza torche nje kidogo, mwangaza ya pembeni tu njo iguse kitu. Chuma ni nzito. Muambie Abdias aangalie mukanda yako ya uzito mbele ya kushuka, atoe risasi kidogo.

Nitakuambia kitu moja na sitaandika tena. Ile zoom nilichagua juu nilitaka ubaki mbali. Sikujiambia vile ku magasin, mais njo hiyo. Sasa najua mu ile maji hakuna picha ya mbali. Utapaswa kufika urefu ya mukono. Unasikia yenye nasema? Una miaka makumi mbili na ine. Fikiri muzuri. Ukifika ukaona hauwezi, panda. Sitakuuliza kwa nini.

Abdias abaki na wewe. Asikuache ata kidogo.

Julie


Kyavinyonge, 4 mwezi wa nane 2024

Shangazi,

Kamera inafanya kazi. Mikono ya chuma ni mizuri. Torche ya kuume ilikuwa inaelekea ndani sana, niliirudisha. Joint ilikuwa safi, nilishusha caisson tupu mara mbili mbele. Nilifika karibu vile ulisema.

Tulienda Mawe Tatu, mimi na Abdias. Maji ilikuwa nzuri kuliko siku zote.

Pirogue iko kule. Imelala ku upande. Jina yake inasomeka: TUTAFIKA. Motor iko pahali pake, na nyavu imejizungusha ku hélice yote, ile panga ya motor, nyavu mingi, si yake, ni ile ya kupotea. Nafikiri motor ilishikwa, akaingia mu maji akate.

Nakutumia kadi ya kamera yenyewe mu kipande ya nguo. Picha ya pirogue iko, ya jina, ya motor, ya mawe. Sikuona kitu ingine.

Abdias anakusalimia.

Éphraïm


Beni, Bungulu, 20 mwezi wa nane 2024

Éphraïm, mutoto yangu,

Tuko bazima. Bénie anatembea sasa bila ukuta. Baba yako alikuja jana toka Butembo na goti yake, nitakuambia.

Barua yako haikuanza na salamu ata moja. Kutoka uanze kuandika ni mara ya kwanza. Njo niliogopa mbele ya kufungua kadi.

Nilifunga mulango ya studio, mimi na Nadège, tukatazama. Kwanza nakuambia sawa mwalimu: umepiga muzuri. Mwangaza ya upande, vumbi hakuna, herufi yote inasomeka. Hakuna fotografe hapa Beni mwenye angefanya hivi. Nadège alisoma jina ya pirogue kwa sauti, kisha akakaa chini.

Kisha nikaona namba. Kamera inaandika namba ku kila picha, hii na yenye inafuata. Motor ni thelathini na moja. Mawe ni thelathini na nane, katikati hakuna kitu. Nilihesabu tena. Nikafikiri ni kadi imeharibika, nikaangalia, si kadi.

Éphraïm, wewe unajua kama mimi niko na programme ya kurudisha picha yenye ilifutwa. Batu ya harusi banakuja hapa banalia, mutoto alicheza na simu, picha yote ilienda, mimi narudisha. Bungulu nzima inajua. Sijui kama ulisahau ao ulikuwa na haraka. Sikuhukumu.

Nilitia kadi mu machine. Ikatafuta. Ikaniandikia kama ilipata picha sita, bado haijaonyesha, inangoja tu niseme ndiyo. Nadège aliangalia mukono yangu. Mwaka moja na zaidi nilikuwa nasema munipe picha, munipe picha. Nilikataa kaka yangu, nilikataa padiri, nilimukalisha huyu binti katikati ya mulango, si ndani si nje, juu ya picha. Na sasa iko hapo, chini ya kidole yangu.

Nikajiuliza: kama ni samaki, angefuta? Kama ni mawe, angefuta? Kama ni nguo tupu, angefuta? Wewe ulifika kule urefu ya mukono, ukamutazama, ukapiga sita sawa nilikuomba. Kisha ukasema moyoni, Shangazi asione hii. Mutu hafiche mama kitu yenye haipo.

Sikubonyeza. Nilifuta kadi yote kabisa, programme haiwezi tena kupata kitu. Nadège hakunizuia. Tulilia vile hatukulia kutoka siku ya kwanza, jirani bakakuja bote, Sikuli njo alikuja wa kwanza. Alibaki ku mulango, hakujua kama ataingia, nikamuvuta ndani, nikamupa kiti karibu yangu.

Apollinaire alifika asubui yake. Nilifikiri atasema ya mugomba. Hapana. Alivua kofia na kukaa na banaume inje. Kama Abdias anaweza kumupandisha na heshima, mumupandishe, tutakuja na sanduku. Kama hawezi, usimulazimishe, padiri anakubali kushuka mpaka ku port na tutaomba pale. Na wewe usiingie tena Mawe Tatu. Umefanya yako. Kama usiku unaona vitu, uniambie mimi, si Abdias. Mimi nilibeba mingi ya namna hiyo, najua vile inapita.

Picha ya mwisho sitapiga mimi. Nitasimama na familia.

Nilikuwa naogopa kuiandika, na Nadège anangoja juu Gracieuse iko inje na gari inawaka. Luc alikufa. Mutoto yangu Luc alikufa mu ziwa mwaka jana, na bibi yake ni mujane, na mutoto yake atabatizwa siku ya Mungu, Jumapili yenye itafuata kilio.

Panda na gari ya kwanza, mwana. Tunakungoja tulie pamoja.

Shangazi yako,
Julie